Barafu ya Greenland inaujuaje mlima wa Indonesia?

MwalimuWete

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika skuli ya sekondari hapa Wete, na nimekuja na suali nililoachiwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha tano. Tulikuwa katika somo la volkano, nikawaeleza kwamba mwaka 1257 mlima Samalas, uliokuwa katika kisiwa cha Lombok, Indonesia, ulilipuka kwa nguvu ambayo dunia imeiona mara chache katika maelfu ya miaka. Nikaongeza kwamba habari ya mlipuko huo haikupatikana kwanza huko Lombok, bali ndani ya barafu ya Greenland na ya Antaktika, na kwamba wataalamu walikaa zaidi ya miaka thelathini wakijua kuwa mlima fulani umelipuka bila ya kujua ni upi, mpaka Samalas ulipotajwa mwaka 2013.

Hapo kijana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono akasema: "Mwalimu, mlima uko karibu na Ikweta na barafu iko mwisho wa dunia. Barafu imejuaje?" Nikamjibu kwamba majivu yalichukuliwa na upepo. Naye hakuridhika, akaendelea: "Majivu ya mlima gani? Majivu si majivu tu?" Nilimwambia nitamletea jibu wiki ijayo, kwa sababu sikutaka kumpa jibu la kukisia katika jambo aliloliuliza kwa dhati namna ile.

Kitabu chetu kina sentensi mbili tu juu ya mambo haya, na hazitoshi. Ninachotaka kufahamu ni vipi theluji inaweza kuhifadhi kitu kwa karne nyingi bila ya kukichanganya na vyengine, vipi mwaka unajulikana, na hasa hilo la mwisho, vipi chembe isiyoonekana kwa macho inaweza kurejeshwa kwa mlima ilikotoka. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nimeona niulize kwa wanaojua.

MpimaMaji

Waaleykum salaam, Mwalimu. Mimi nafanya kazi ya kupima maji katika maabara hapa Unguja. Theluji sijawahi kuiona ikianguka, lakini habari za barafu ya kale nimezisoma kwa miaka mingi kwa mapenzi, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa urefu.

Kijana wako amegusa kiini cha jambo aliposema majivu si majivu tu. Mlima unapolipuka hupeleka kwenye barafu wajumbe wawili, na kila mmoja ana habari yake. Wa kwanza ni gesi ya salfa dioksidi. Mlipuko ukiwa na nguvu ya kutosha huirusha gesi hiyo mpaka tabaka la stratosfia, juu kabisa ya mawingu ya mvua, na huko hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfa ambayo huweza kukaa angani mwaka mmoja hadi mitatu, kwa kuwa hakuna mvua ya kuyaosha. Pepo za juu huyatawanya, na yale yaliyotoka karibu na Ikweta huenda kaskazini na kusini, kisha hushuka taratibu na kuanguka pamoja na theluji. Ndiyo maana Samalas ulilipuka 1257 lakini alama yake imo katika theluji ya 1258 na 1259. Mjumbe wa pili ni majivu, nayo si kama majivu ya kuni tunayozoa jikoni. Hivyo ni vipande vya kioo, yaani mwamba ulioyeyuka ambao uliraruliwa na gesi ukapoa ghafla angani kabla ya kuwahi kujenga fuwele. Asidi ndiyo inayotupa mwaka na ukubwa wa mlipuko, na kioo ndicho kinachotupa jina la mlima.

Kuhusu kuhifadhi, wapeleke wanafunzi wako diko lolote wanapouza samaki wakalitazame bonge la barafu ya kiwandani. Pembeni ni angavu, na katikati lina ukungu mweupe. Maji yanapoganda kutoka nje kwenda ndani huisukuma hewa na chumvi mbele yake mpaka vyote vikakusanyika kati. Barafu ya namna hiyo haiwezi kuweka kumbukumbu, kwa sababu imekwishapanga upya kila kilichokuwamo. Barafu ya Greenland haikutokana na maji yaliyogandishwa. Ni theluji juu ya theluji, mwaka juu ya mwaka, kila tabaka likibanwa na uzito wa yale yaliyofuata hadi likawa barafu ngumu, na kilichoanguka nayo kikabaki pale pale kilipoangukia. Katikati ya Greenland kina chake kinapita kilomita 3. Antaktika, mahali paitwapo Dome C, mradi wa nchi za Ulaya uitwao EPICA ulitoa mche wa barafu, yaani kigogo kirefu chembamba kinachochimbwa kwenda chini, wenye theluji ya miaka 800,000.

Sasa kupima. Hapa kwetu kisima kinapoanza kuingiliwa na maji ya bahari, jambo la mwanzo tunalofanya ni kutumbukiza kipimo cha upitishaji wa umeme, kwani maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi na namba hupanda mbele ya macho yako. Mwanasayansi wa Denmark, Claus Hammer, alitumia fikra iliyo jirani na hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliusawazisha uso wa mche wa barafu ukawa laini na safi, akaburuta juu yake ncha mbili za metali zenye umeme, na kila zilipopita kwenye tabaka lenye asidi, mkondo ulipanda. (Katika barafu ngumu kipimo hiki huiona asidi kuliko chumvi, na hapo ndipo kinapotofautiana na kipimo changu cha kisimani.) Ikaonekana alama ya volkano ya Laki ya Iceland, mwaka 1783, ikaonekana ya Tambora ya Indonesia, mwaka 1815, na ikaonekana moja kubwa karibu na 1258 ambayo haikuwa na mwenyewe. Siku hizi huchukuliwa kijiti kirefu cha barafu kikasimamishwa juu ya sahani ya moto, kikayeyuka kidogo kidogo, na maji ya sehemu ya ndani peke yake ndiyo yanayopelekwa kwenye mashine za kupima salfati na madini mengine. Sehemu ya nje, iliyoguswa na keekee na mikono, humwagwa.

Alama ikipatikana ncha zote mbili za dunia kwa wakati mmoja, dhana ya kwanza ni kwamba mlima ulikuwa ukanda wa joto. Ikipatikana Greenland peke yake, mlima hutafutwa kaskazini: Iceland, Alaska, Kamchatka. Lakini mche mmoja haufai kuaminiwa peke yake. Upepo hukusanya theluji mahali na kuifagia mahali pengine, na huko Dome C, ambako theluji ni chache mno, wataalamu walichimba miche mitano iliyoachana kwa mita moja tu, wakaona kwamba hata mlipuko mkubwa kama wa Tambora unaweza kukosekana katika baadhi ya miche hiyo. Mita moja, Mwalimu! Kwa hiyo kila tarehe inayotangazwa huwa imesimama juu ya miche mingi iliyolinganishwa.

Nakuja kwenye kioo, kwa kuwa hapa ndipo kijana wako alipo. Tabaka lenye asidi huyeyushwa, maji yake huchujwa au huzungushwa kwa kasi mpaka chembe zikae chini, kisha chembe hizo hugandishwa ndani ya gundi ngumu juu ya kipande cha kioo na kusuguliwa mpaka tumbo la kila chembe likawa wazi. Nyingi zina upana wa mikroni 5 hadi 20, na unywele wa binadamu una karibu mikroni 70. Mtu hukaa na hadubini saa nyingi na pengine akapata chembe tatu au nne tu. Kila moja hupigwa mwale wa elektroni, nayo hutoa miale inayoonyesha ina silika kiasi gani, chuma kiasi gani, potasiamu, sodiamu, kalsiamu na kadhalika. Kazi hii inataka mkono mtulivu, kwa sababu mwale ukiwa mkali mno sodiamu hukimbia kwenye chembe, na hesabu ikatoka ya mlima mwengine.

Uwiano wa madini hayo ndio unaotofautisha mlima na mlima, na mara nyingi hata mlipuko mmoja na mwengine wa mlima huo huo, kwani kila chungu cha mwamba ulioyeyuka kina mapishi yake chini ya ardhi. Chembe za tabaka la 1259 zilipatikana Ncha ya Kusini na Greenland, zikafanana zenyewe kwa zenyewe, na matokeo yake yakachapishwa 1992. Wakati huo walidhani ni El Chichón wa Mexico. Baadaye kundi lililoongozwa na Franck Lavigne likaenda Lombok, likachukua mawe mepesi ya mlipuko wa Samalas, likapima kaboni katika magogo yaliyoungua chini ya mawe hayo ili kujua umri wake, na kioo cha huko kikaafikiana na kioo cha barafuni. Wenyeji wa Lombok nao walikuwa na yao: maandishi ya Babad Lombok, yaliyohifadhiwa kwenye majani ya mti wa jamii ya mvumo, yanasimulia mlima ulioporomoka na mji wa Pamatan uliofukiwa. Mahali mlima ulipokuwa umesimama, leo pana bonde kubwa na ziwa la Segara Anak, pembeni ya Rinjani. Hayo masimulizi yalikuwepo muda wote huo, na mimi huona huzuni kidogo kwamba mlima ulitafutwa Mexico na Ecuador kabla ya kuulizwa watu waliousikia kwa babu zao.

BintiMakunduchi

Nashukuru sana kaka MpimaMaji kwa maelezo. Naomba kuongeza jambo moja la pwani yetu, kwa sababu nadhani wanafunzi wa Mwalimu watalipenda.

Marehemu bibi yangu alikuwa na jiwe la kusugulia visigino ambalo aliliokota ufukweni alipokuwa msichana. Lilikuwa la kijivu, lina matundu madogo madogo kama mkate wa kumimina, na ukilitia kwenye ndoo ya maji linaelea. Sisi watoto tulikuwa tunalizamisha kwa kidole ili tulione likirudi juu. Nilipokua nikafahamu kuwa ni jiwe la volkano, na kisiwa chetu ni cha matumbawe, hakina volkano hata moja, kwa hiyo lilikuja kwa bahari. La bibi sijui lilitoka wapi. Ila inajulikana kwamba baada ya Krakatau kulipuka Agosti 1883, mawe ya namna hiyo yalielea katika Bahari ya Hindi kwa miezi, na mwaka 1884 yalifika mpaka Zanzibar, safari inayopita kilomita 7,000. Wazee wetu waliyakanyaga mawe ya Indonesia hapa hapa pwani bila ya kujua kuwa mlima ule ule umekwishaandikwa pia kwenye theluji ya Greenland.

Suali langu kwa kaka: je, jiwe kama lile nalo lingeweza kulinganishwa na chembe za barafuni?

MpimaMaji

Naam, dada yangu, na ndivyo inavyofanywa. Jiwe la kuelea na chembe ya barafuni ni kitu kimoja kwa asili: povu la kioo na mavumbi ya povu hilo. Jiwe ni zito, huanguka karibu na mlima na kama kuna bahari huchukuliwa na maji, na chembe ni nyepesi, huchukuliwa na hewa. Ukikata kijipande cha jiwe la bibi ukakipima kwa mwale ule ule wa elektroni, utapata mapishi yake. Jiwe likiwa limebaki nyumbani, litunzeni.

Na kwa hapa Afrika upo mfano mzuri zaidi. Mlima Toba wa Sumatra ulilipuka miaka 74,000 hivi iliyopita, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chembe za kioo chake zimepatikana katika tope la chini ya Ziwa Malawi (Ziwa Nyasa), zikiwa ndogo mno kuonekana kwa macho. Njia ni ile ile ya barafuni, isipokuwa tope ndilo lililoshika nafasi ya theluji.

MwalimuWete

Mungu awazidishie elimu. Nimeyasoma mara mbili na nimeyaandika ubaoni kwangu nyumbani. Yamebaki mambo mawili yanayonikera. La kwanza ni hesabu ya miaka: mtu anayehesabu tabaka elfu moja na mia tano akiruka moja hapa na kuongeza moja pale, nani atamwambia? La pili ni kwamba wanafunzi wataniuliza kuhusu Kilimanjaro, kwa sababu ndiyo barafu wanayoijua. Je, nayo ina kumbukumbu kama hizi?

Mzee_wa_Chake

Mwanangu Mwalimu, mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hilo la kuruka mwaka ndilo lililonivuta katika mjadala huu.

Wewe ni wa Pemba, bila ya shaka umewasikia wazee wa baharini wakihesabu siku za Nairuzi kwa miongo, kumi kumi, ili wajue kaskazi inaingia lini na kusi lini. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili na hauna siku ya kuongeza, kwa hiyo kila miaka minne husogea siku moja mbele ya jua. Anayeutumia kwa umri wake mmoja hatoliona kosa. Anayeulinganisha na karne nyingi nyuma ataliona kubwa. Hesabu ya barafu nayo iliwahi kuteleza, na namna kosa lilivyogunduliwa inafaa kusimuliwa darasani.

Miaka huhesabiwa kwa misimu: katika Greenland chumvi ya bahari huzidi wakati wa baridi na vumbi huzidi majira ya machipuko, hivyo kila mwaka una mpando na mshuko wake, kama maji kujaa na kupwa. Kwa hesabu hiyo palipatikana milipuko miwili mikubwa, mmoja karibu na mwaka 529 na mwengine karibu na 533. Lakini pete za miti, ambazo kila moja ni mwaka mmoja wa kukua, zilionyesha baridi kali mwaka 536 na tena kuanzia 540, na mwanahistoria Procopius aliandika wakati ule kwamba jua lilitoa mwanga usiong'ara, kama mwezi, kwa mwaka mzima. Ikawa ama mlima hauna uhusiano na baridi ile, ama kalenda ya barafu imetangulia kwa miaka saba. Mike Baillie, mtaalamu wa pete za miti, alilisema hilo la pili waziwazi mwaka 2008, na wengi hawakulikubali.

Ufumbuzi ulitoka kwenye jua. Mwaka 2012 mtafiti wa Japani, Fusa Miyake, alionyesha kwamba pete za mierezi za mwaka 774 na 775 zina ongezeko la ghafla la kaboni yenye mionzi, lililosababishwa na chembe kali kutoka angani. Tukio hilo liliipiga dunia nzima kwa mara moja, na ndani ya barafu liliacha alama ya beriliamu yenye mionzi, iliyotokana na chembe hizo hizo. Pakapatikana msumari mmoja uliopigwa kwenye kalenda zote mbili. Mwaka 2015 Michael Sigl na wenzake walizilinganisha, wakakuta barafu kweli imeteleza, wakairekebisha, na milipuko ile ikakaa mahali pake: mmoja 536 au mwishoni mwa 535, mwengine 540 au mwishoni mwa 539. Miaka saba ni kidogo kwa anayesoma miamba, lakini kwa sisi wa historia ndiyo tofauti ya kusema mlima ulisababisha njaa na kusema njaa ilitangulia mlima.

Na kioo nacho kimewahi kuwanusuru na kosa kubwa zaidi. Mwaka 1987 alama ya asidi katika barafu ya Greenland, iliyokadiriwa kuwa ya 1645 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ilinasibishwa na Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki ambacho mlipuko wake uliufukia mji wa Akrotiri. Ilikuwa tarehe tamu, kila mwenye kuandika historia ya Ugiriki na Misri ya kale aliitaka. Chembe za kioo zilipopatikana katika tabaka lile zikapimwa, na mwaka 2004 ikaonyeshwa kwamba mapishi yake ni ya Aniakchak, mlima wa Alaska. Watafiti wa 2022, wakitumia kalenda iliyorekebishwa, wakausogeza mlipuko huo wa Alaska hadi 1628 kabla ya Nabii Isa. Asidi ilikuwa ya kweli, na waliyoipima hawakukosea kipimo. Walichokosea ni mwenyewe, yaani mlima ulioileta.

Alaska hiyo hiyo inatuhusu Waafrika kwa njia nyengine. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba kioo katika barafu ya Greenland kimeafikiana na mlima Okmok wa Alaska, uliolipuka mwanzoni mwa mwaka 43 kabla ya Nabii Isa, mwaka mmoja baada ya kuuliwa Julius Caesar. Milipuko mikubwa ya kaskazini huipoza nchi kavu ya huko na kudhoofisha mvua za miezi ya Juni hadi Septemba katika milima ya Ethiopia, na mvua hizo ndizo zinazoujaza Mto Nile. Baada ya Laki mwaka 1783, Nile ilipungua na Misri ikapata njaa. Nilifundisha njaa ile kwa miaka bila ya kujua kwamba sababu yake ilitafutwa Iceland, na ningefurahi kama wanafunzi wako wangeijua mapema kuliko mimi.

MpimaMaji

Ahsante sana Mzee wetu, umenifunza kitu juu ya Nairuzi.

Mwalimu, kuhusu Kilimanjaro. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake walitoa miche sita kutoka kilele cha Kibo, mrefu zaidi ukiwa na mita 50 hivi, na mwaka 2002 wakaandika kwamba barafu ya chini ina umri wa miaka karibu 11,700. Umri huo umebishaniwa na wengine. Tatizo ni lile la bonge la dikoni: huko juu jua la Ikweta huyeyusha uso wa barafu, maji huteremka kupitia nyufa na kuganda tena chini, na tabaka za juu hupotea kabisa. Eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Kwa hiyo kumbukumbu ipo, lakini kurasa zake za mwisho zimeng'oka, na zinaendelea kung'oka kila mwaka.

Ukitaka waone kwa macho, fanya jaribio dogo. Kata chupa ya maji upate mche, mimina maji ya mvua kidogo, gandisha, mimina tena, gandisha, mpaka tabaka kumi na mbili. Katika tabaka moja unalolijua wewe peke yako tia matone ya ndimu. Kisha toa mche, ukate vipande, na kila kipande wakiyeyushe wakijaribu kwa karatasi ya litimasi. Maji unayomimina yawe baridi sana, yakikaribia kuganda, ama sivyo yatayeyusha uso wa tabaka la chini na kuchanganyika nalo.

MwalimuWete

Ndugu zangu, narudi na habari. Tumefanya jaribio wiki hii kwa friza ya jirani wa skuli. Ilichukua siku tatu kwa sababu ya umeme kukatika mara mbili, na ndimu niliitia tabaka la saba.

Vipande vilikatwa kwa msumeno wa chuma uliooshwa, kila kipande katika kikombe chake, na karatasi ya litimasi ya buluu ikapitishwa kutoka cha kwanza hadi cha kumi na mbili. Cha saba kilibadilika kuwa chekundu papo hapo. Cha sita, kilichokuwa chini yake, kikageuka wekundu hafifu. Pakazuka ubishi mkubwa: nusu ya darasa ikasema milipuko ilikuwa miwili, mmoja mdogo na mmoja mkubwa, na nusu nyengine ikasema ni mmoja uliovuja. Nilipowaeleza habari ya maji kuyeyusha uso wa chini wakatulia, na yule kijana wa nyuma ndiye aliyewaeleza wenzake tofauti ya theluji na maji ya kugandishwa kabla sijamaliza mimi.

Kisha akaniuliza hili, nami nakuleteeni kama lilivyo: "Kama mlima mmoja umelipuka Alaska na mwengine Chile katika mwaka mmoja, asidi itaonekana ncha zote mbili. Si tutasema ni mlima mmoja wa Ikweta, na tutakuwa tumekosea?"

MpimaMaji

Mwambie ndiyo, jambo hilo linawezekana, na wataalamu wanalihofia hasa. Asidi peke yake haitoshi kulikataa. Kinachotakiwa ni kioo kutoka ncha zote mbili, na vyote viwe na mapishi mamoja, kama ilivyokuwa kwa tabaka la 1259. Msaada mwengine uko katika salfa yenyewe: ile iliyopanda juu ya tabaka la ozoni hupigwa na mionzi ya jua na uwiano wa isotopu zake (yaani atomu za salfa zinazotofautiana kwa uzito) hubadilika kwa namna ya pekee, kwa hiyo barafu huweza kuonyesha kama mlipuko ulifika stratosfia au uliishia chini.

Na ikiwa anataka kazi ya kufanya atakapokuwa mkubwa, mwambie kuna alama katika barafu ya Greenland na ya Antaktika ya mwaka 1809, miaka sita kabla ya Tambora. Asidi yake imepimwa mara nyingi, ncha zote mbili. Ule wa 1831 uliokuwa ukitafutwa pamoja nao umekwishapatikana: kioo chake kimeafikiana na bonde la Zavaritskii katika kisiwa cha Simushir, kwenye visiwa vya Kuril. Wa 1809 bado hauna jina.